Barua za Masika

Mwezi wa nne Arusha ni mwezi wa kusubiri. Mvua inapiga bati tangu alfajiri, magari ya safari yamejipanga uani chini ya maturubai, na nusu ya madereva wamerudi kwao kulima. Ofisini kwetu huu ndio wakati wa kuandika. Tunawaandikia wageni waliowahi kuja: yule aliyepanda Kilimanjaro kwa njia ya Machame, yule aliyekaa Ndutu siku tatu akitazama nyumbu wakizaa, yule aliyeapa atarudi na wajukuu. Kampuni yenye magari matano inaishi kwa wageni wanaorudi na wageni wanaowatuma wenzao. Matangazo makubwa hatuyamudu. Barua pepe tunaimudu.

Kwa miaka mingi barua hizo zimetoka kwenye programu moja iliyomo ndani ya kompyuta ya mezani iliyo karibu na dirisha. Unaipa orodha ya anwani, unaipa barua, yenyewe inaweka jina la kila mgeni mahali pake na kuzituma moja moja kupitia seva ya barua. Mimi ndiye mwandishi wa barua hizo. Mwezi huu zilirudi kwa mafungu. Nilifungua mojawapo nikakuta namba 550, kisha 5.7.26, na maelezo kwamba mtumaji hajathibitishwa. Mama mwenye kampuni akaita kikao. Tulikaa watano kwenye meza ya chai: Mama, mhasibu, fundi wa kompyuta ambaye ndiye mdogo wetu sote, Mzee ambaye ameongoza wageni porini tangu mimi niko shule ya msingi, na mimi. Swali lilikuwa moja. Tununue toleo jipya la programu, au tuachane nayo tuhamie kwenye huduma za mtandaoni?

Nimeandika yaliyosemwa, na nimeingilia pale nilipoona jambo linadai maneno zaidi.

FUNDI: Mama, programu haijaharibika. Waliobadilika ni wapokeaji. Tangu Februari 2024, Google na Yahoo wanamtaka kila mtumaji aonyeshe kwamba kweli ni yeye. Mtumaji mdogo awe na uthibitisho mmoja angalau, SPF au DKIM. Anayepeleka barua 5,000 au zaidi kwa siku kwenye anwani za Gmail anatakiwa kuwa navyo vyote viwili, na DMARC juu yake. Microsoft wakafuata Mei 2025 kwa anwani zao za Outlook na Hotmail. Domeini yetu haina hata kimoja.

MZEE: Mwanangu, niambie kwa lugha ya barabarani.

FUNDI: Haya, Mzee. Ukifika geti la Loduare, unaingia Ngorongoro, askari anaangalia nini?

MZEE: Namba ya gari, karatasi za dereva, kibali. Zikipishana unageuza gari.

FUNDI: Basi SPF ni orodha ya magari. Kampuni inaitangaza hadharani kwenye rekodi za domeini yake: seva hizi, na hizi tu, ndizo zinazobeba barua zangu. DKIM ni lakiri. Kila barua inatoka na muhuri, na mtu akigusa neno moja njiani muhuri unavunjika. DMARC ni maagizo unayomwachia askari: ukiona gari limeandikwa jina letu lakini karatasi hazilingani, lirudishe, au liweke pembeni, au lipitishe lakini uniletee habari.

MZEE: Kumbe sisi tumekuwa tukipita bila karatasi.

FUNDI: Miaka yote, Mzee. Askari alikuwa akitupitisha tu kwa kutuzoea.

Hapa niseme jambo ambalo kampuni nyingi ndogo za mjini kwetu hazijalielewa, na linaniuma kwa sababu watu wanapoteza biashara bila kujua. Rekodi hizi tatu hazipo ndani ya programu yoyote. Zinaandikwa kwa yule aliyekuuzia domeini, kama mistari mitatu ya maandishi, na fundi anayejua kazi yake anazimaliza asubuhi moja. Ukinunua programu mpya ya bei yoyote bila kuziandika, barua zitarudi vilevile. Na ukiwa unafanya biashara kwa anwani ya bure inayoishia na jina la Yahoo au Gmail, huku unatuma kwa seva nyingine, hakuna cha kuandika, maana domeini hiyo si yako. Yahoo tangu Aprili 2014 imewaagiza wapokeaji wazikatae barua za namna hiyo. Nunua domeini ya .co.tz kabla hujanunua kitu kingine chochote.

MHASIBU: Sawa, tuandike hizo rekodi. Sasa tuje kwenye fedha. Huduma ya mtandaoni inatoza kila mwezi, kwa dola, kulingana na idadi ya majina uliyoweka. Hata mwezi ambao hatukuandika barua, tunalipa. Programu hii ya mezani tulilipa mara moja. Toleo jipya ni malipo mengine mara moja. Mimi sioni mjadala.

FUNDI: Kaka, bei ya programu si bei ya kutuma. Ukiiacha itume moja kwa moja kutoka kwenye laini ya intaneti ya ofisi, haifiki mbali. Laini za nyumbani na za ofisi ndogo zimo kwenye orodha za Spamhaus, watu walioanza kuwinda watuma taka tangu 1998. Si kwamba tumekosa. Wanasema tu kwamba anwani za aina hiyo hazitakiwi kupeleka barua zenyewe. Kwa hiyo lazima programu ikabidhi barua kwa seva halisi, kupitia mlango wa 587, kwa jina na nywila. Gmail ya kawaida inakuruhusu barua 500 kwa siku. Ile ya kulipia ya ofisi, 2,000. Huduma ya mtandaoni inakuondolea shida zote hizo. Ndiyo maana mimi nasema twende huko.

MAMA: Na orodha yangu?

FUNDI: Tunaipakia huko, Mama.

MAMA: Orodha hii nilianza kuiandika kwa mkono nikiwa na gari moja la kukodi. Kila jina humo ni mtu niliyempokea uwanja wa ndege. Siku kadi ya benki ikigoma, au wao wakiamua hawaipendi biashara yetu, nani atanifungulia mlango? Nitampigia nani?

FUNDI: Unaweza kuitoa wakati wowote, Mama, ikaja kama faili.

MAMA: Kama nitakuwa nimekumbuka kuitoa kabla hawajafunga.

Fundi alinyamaza. Mimi nilikuwa upande wa Mama tangu mwanzo, ila sababu yangu ilikuwa nyingine, nikaitoa. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na ina sehemu nzima inayohusu kusafirisha taarifa za watu nje ya nchi. Jina la mgeni, anwani yake, tarehe aliyokuja, ugonjwa aliotuandikia ili mpishi ajue: hizi ni taarifa binafsi, na sisi ndio tunaowajibika nazo. Ukipakia orodha yote kwenye huduma iliyo ng'ambo, umeisafirisha. Wengi wanabofya tu na kusahau.

FUNDI: Dada, lakini hata ukitumia programu ya mezani, barua inapita kwenye seva ya nje. Anwani inaonekana.

MAMA: Kupita si kukaa, mwanangu. Mgeni anayepita sebuleni hajapewa ufunguo wa chumbani.

FUNDI: Basi niulize na mimi. Hiyo kompyuta hapo dirishani ikiibiwa leo usiku, orodha iko wapi kesho?

MHASIBU: Kuna flashi.

FUNDI: Flashi iko wapi?

Mhasibu akavuta droo ya meza ileile iliyobeba kompyuta. Flashi ilikuwa humo, juu ya stapla.

Swali la fundi lilikuwa la haki, na lilibadilisha kikao. Anayependa programu ya mezani lazima akubali kazi zake. Nakala ya orodha ikae nyumba nyingine, na iwe imefungwa kwa nywila, kwa sababu mwizi wa kompyuta anachukua pia majina ya watu waliotuamini. Faili iwe na tarehe. Na mtu mmoja, mwenye jina, awe ndiye anayeulizwa. Sisi tumekubaliana ni mimi, kila Ijumaa kabla ya kufunga ofisi.

Tukafika mahali ambapo wote watano tungeweza kukaa. Orodha ibaki kwetu, ndani ya programu yetu. Ubebaji tuwape wenye magari mazuri. Toleo jipya la programu linakubali kuunganishwa na huduma za kubeba tu, kama Amazon SES iliyoanza 2011, ambayo inatoza kwa barua, si kwa mwezi: senti kumi za dola kwa barua elfu moja. Mhasibu alipiga hesabu kwenye simu yake mara mbili. Orodha yetu ina majina 1,860.

MHASIBU: Kama kubeba ni rahisi hivyo, basi tusibebe majina 1,860 tu. Wiki iliyopita kuna mtu amenijia na anwani 20,000 kwenye flashi. Wajerumani, Wamarekani, Waingereza, wote wapenzi wa safari. Anauza zote kwa bei ya tairi mbili. Tukipata hata wageni kumi tumerudisha.

FUNDI: Kaka, hapana.

MHASIBU: Nimalize. Nimesoma. Barua ya kwanza ya matangazo duniani ilitumwa mwaka 1978, Gary Thuerk wa kampuni ya kompyuta ya DEC, kwa watu karibu 400 ambao hawakumwomba. Watu walikasirika, ndiyo. Lakini mwenyewe amesema aliuza kompyuta za mamilioni ya dola. Biashara inataka kuthubutu.

Hoja hii haikustahili kupuuzwa, na sikuipuuza. Thuerk aliandika kualika watu waje kuona kompyuta mpya, Los Angeles na San Mateo, na anwani zilikuwa nyingi kuliko programu ya wakati ule ilivyoweza kubeba, nyingine zikamwagikia ndani ya barua yenyewe. Mtu aliyefungua alikutana kwanza na ukuta wa anwani za wenzake. Lakini mwaka ule mtandao wote ulikuwa mtaa mmoja. Hakukuwa na askari getini, na wala hapakuwa na kitufe cha kumshtaki mtumaji. Leo kipo, na kila mpokeaji anacho mkononi.

FUNDI: Google wanasema hivi: malalamiko yasifike asilimia 0.3, na afadhali yakae chini ya 0.1. Watatu katika elfu, Kaka. Kwenye orodha yetu kama wageni 900 hivi wana Gmail. Watatu tu wakibofya kwamba hii ni taka, tumevuka. Ukiwaandikia watu 20,000 wasiotujua, watabofya mia ngapi? Na humo ndani kuna anwani za mtego. Hazina mtu. Zimewekwa makusudi mitandaoni ziokotwe na wauzaji wa orodha. Ukiiandikia moja, umejitangaza mwenyewe. Baada ya hapo hata proforma tunayomtumia mgeni aliyekwisha kulipa amana inaingia kwenye barua taka. Domeini ni ileile.

MHASIBU: Hata proforma?

FUNDI: Hata proforma.

MZEE: Kwetu porini, ukimkimbiza simba kwa gari mara moja, hufukuzwi wewe peke yako. Kampuni nzima inaandikwa.

Mimi nilikuwa na la kuungama, nikaliungama palepale. Mwaka wangu wa kwanza kazini, kabla sijaijua programu hii, niliandika barua ya heri ya Mwaka Mpya nikaweka anwani 212 kwenye sehemu ya nakala, si ya nakala fiche. Kila mgeni akaona anwani za wenzake wote. Mmoja akajibu kwa wote kutushukuru, wa pili akajibu kwa wote kuomba asijibiwe, na kufikia jioni watu wasiojuana walikuwa wakigombana kwa jina letu. Wageni wawili waliandika kwamba hawatarudi. Mmoja wao nilimkumbuka vizuri, nilimshonea kifungo cha koti siku ya kuondoka. Tangu siku hiyo sijawahi kuiona anwani kama mstari kwenye faili.

Ndiyo sababu ninaitetea programu inayotuma moja moja, kila mtu barua yake. Na ndiyo sababu nilimwambia mhasibu kwamba siwezi kuandika barua kwa watu 20,000 nisiojua wamekuja lini wala walipenda nini. Ningewaambia nini? Sheria za Ulaya zilizoanza kutumika Mei 2018 zinamlinda mkazi wa huko hata anayemwandikia akiwa Arusha, kama anamuuzia kitu, na akisema hataki matangazo, yanasimama hapohapo. Sheria yetu nayo inampa mtu haki hiyohiyo ya kukataa. Sheria ya Marekani ya 2003 inataka barua ya biashara iwe na anwani halisi ya posta na njia ya kujiondoa. Hayo yote ni makatazo ya haki, lakini hata yasingekuwepo, jibu langu lingekuwa lilelile.

MAMA: Mrudishie huyo mtu flashi yake, baba. Tuendelee.

Tukaendelea na yaliyo mapya ndani ya programu. Fundi alifungua toleo la majaribio, tukasogeza viti. Sitaeleza yote, mengine ni rangi na mapambo. Yafuatayo ndiyo niliyoyaona yana kazi.

La kwanza ni namna inavyozisoma barua zilizorudi. Zamani zilijaa kwenye kikasha changu, nikawa nazifuta bila kuangalia, na mwezi uliofuata nikawaandikia walewale. Sasa programu inazipitia yenyewe. Namba inayoanza na 4 ina maana subiri: sanduku limejaa, seva imechoka, jaribu baadaye. Inayoanza na 5 ina maana basi. Toleo jipya linajaribu tena za kundi la kwanza, na za kundi la pili linaziweka kando zisiandikiwe tena mpaka mtu azikague. Mtumaji anayegonga kila mwezi kwenye nyumba zisizo na watu anaonekana kama mtuma taka, hata nia yake ikiwa njema kiasi gani.

Mzee alisikia hilo la kukagua akatoka nje kwenye mvua, akaenda kwenye gari lake. Alirudi na daftari la kaunta, jalada limefungwa kwa utepe wa gundi. Humo, usiku wa mwisho wa kila safari, kabla moto haujazimwa, huwapa wageni kalamu waandike wenyewe anwani zao. Tulichukua barua zilizorudi kwa 5.1.1, yaani mtu huyo hayupo, tukaanza kuzilinganisha. Ya kumi na moja ilikuwa ya mwalimu mmoja kutoka Uholanzi. Mzee aliinua ukurasa kwenye mwanga wa dirisha.

MZEE: Nani aliingiza hii kwenye kompyuta?

MIMI: Mimi, Mzee.

MZEE: Umeandika moja. Hii si moja, ni el. Mwandiko wake umelala, alikuwa akiandika kwa mkono wa kushoto, wa kulia ulikuwa na bandeji. Alijichoma na mwiba.

Tulirekebisha anwani 14 kwa namna hiyo jioni ile. Hakuna huduma, ya mezani wala ya mtandaoni, ambayo ingejua kwamba mgeni aliandika kwa mkono wa kushoto.

La pili ni kugawa orodha. Zamani nilikuwa na faili moja na barua moja. Sasa kila jina linabeba alama: mlima, mbuga, Zanzibar, mwezi aliokuja, nchi, nani alimwongoza. Kwa hiyo barua ya nyumbu wanaozaa Ndutu kati ya Januari na Machi naiandika Septemba, kwa waliokuja mbugani tu, wapate muda wa kuomba likizo. Aliyepanda Machame simwandikii kuhusu Machame tena. Namuuliza kama magoti yamepona. Na kila nafasi ya jina niwe nimeiwekea neno la akiba, maana hakuna aibu kama barua inayoanza na "Mpendwa" kisha pengo.

La tatu ni kasi. Programu inaweza kutuma 30, ikapumzika dakika tano, ikatuma 30 nyingine. Domeini iliyokuwa haina karatasi haianzi kwa kishindo. Unaanza na wale waliowahi kukujibu, siku ya pili unaongeza, wiki ya pili unafika mwisho wa orodha. Na saa ya kutuma unaipanga kwa saa za mgeni: kwetu saa kumi jioni, Aprili, New York ni saa tatu asubuhi na Berlin ni saa tisa alasiri. Hapo fundi alishinda hoja moja, na lazima nimpe. Programu ya mezani inatuma wakati kompyuta imewashwa tu. Umeme ukikatika saa kumi kasoro dakika tano, hakuna barua. Tumenunua betri ya kuhimili saa mbili na bando la akiba kwenye simu.

FUNDI: Na hii hapa itakufurahisha, Dada. Akili unde. Unaipa maneno matatu, inakuandikia barua nzima.

Aliiandikia: safari, nyumbu, punguzo. Barua ikaja kwa sekunde chache, kwa Kiingereza safi, yenye machweo ya dhahabu na kumbukumbu zisizofutika. Mama aliisoma mara mbili.

MAMA: Haina kosa.

MZEE: Haina mtu pia. Mgeni amekaa nami siku nane kwenye gari. Anajua ninavyosema. Akisoma hii atajiuliza Mzee amekwenda wapi.

FUNDI: Inaweza kusahihisha Kiingereza chetu basi, Mzee, maneno yabaki yako.

MZEE: Hapo sawa. Isahihishe, isininyang'anye.

Nimelikubali hilo kama lilivyo. Naandika mwenyewe, nikimaliza naiomba ikague sarufi na initajie ni wapi sentensi ni ndefu. Kichwa cha barua nakiandika mara mbili, natuma kila kimoja kwa watu hamsini, ninatazama kipi kimejibiwa zaidi. Picha moja, iliyopunguzwa uzito, na msimbo wa barua uwe mfupi, kwa sababu msimbo ukizidi kilobaiti 102 Gmail huikata barua mkiani, na mkiani ndiko iliko njia ya kujiondoa. Nakala ya maandishi matupu iende pamoja na ile yenye picha. Kisha najitumia mwenyewe, naifungua kwenye simu yangu yenye kioo kilichopasuka. Ikisomeka hapo, itasomeka popote.

Mama alikuwa na namba moja aliyoipenda: waliofungua. Kila mwezi aliniuliza wamefungua wangapi.

FUNDI: Mama, namba hiyo haisemi kweli siku hizi. Programu inahesabu kwa kijipicha kisichoonekana: kikiitwa, inaandika kwamba barua imefunguliwa. Tangu Septemba 2021, programu ya barua ya Apple inaweza kukiita yenyewe, hata mgeni akiwa amelala. Anaonekana amefungua, kumbe hajagusa.

MAMA: Sasa nitajuaje?

MIMI: Waliojibu, Mama. Hao hawahesabiwi na mashine.

Mama hakupenda. Nililiona usoni, nikasikitika, kwa sababu katika miezi isiyo na wageni ile namba ilikuwa ikimpa moyo. Lakini alisema tuiondoe kwenye ripoti.

Limebaki la mwisho, ambalo kwangu ndilo lililofanya toleo jipya listahili fedha yake. Kujiondoa kwa mbofyo mmoja. Zamani mgeni aliyetaka kutoka alitakiwa kutuandikia, nami nikamjibu kwa adabu nikimuuliza kwa nini, na mara nyingine nilisahau kumtoa. Sasa kitufe kinaonekana juu ya barua, kando ya jina letu, na kwa watumaji wakubwa Google inataka ombi litimizwe ndani ya siku mbili. Programu ya mezani haiwezi hili peke yake, kwa kuwa mbofyo unakwenda mtandaoni saa yoyote. Kwa hiyo fundi ametengeneza ukurasa mdogo kwenye tovuti yetu, na programu inauchungulia kila asubuhi kabla haijatuma chochote. Majina hayo yanaingia kwenye orodha ya waliojiondoa, na hiyo haifutwi kamwe, hata ukianza upya na faili nyingine. Ukiifuta, utawaandikia tena watu waliokwisha kuaga.

MHASIBU: Yaani tunalipa ili iwe rahisi kwao kutuacha?

FUNDI: Asiyeuona mlango anabofya taka, Kaka. Wakifika watatu, unakumbuka.

MAMA: Hata bila hao watatu. Mimi sijawahi kumzuia mgeni kwenye gari.

Jumatano, saa kumi jioni, tulituma barua hamsini za kwanza. Umeme ulikuwepo. Hakuna iliyorudi. Kesho yake asubuhi watu saba walikuwa wamejibu, na ukurasa mdogo ulikuwa na majina mawili. Nilimsomea Mama la kwanza. Akaweka kikombe chini. Lilikuwa la mama mmoja wa Ujerumani aliyekuja mara mbili, mara ya pili akiwa mjane, na Ndutu alikaa kimya garini asubuhi nzima Mzee akiwa amezima injini.

MAMA: Nimpigie simu? Nimuulize tu hali yake.

MZEE: Amesema hataki barua, Mama. Tumwache apumzike.

Alivuta daftari lake, akatafuta ukurasa polepole, akaweka kidole kwenye jina. Hakulifuta. Aliandika pembeni, kwa penseli, tarehe ya siku hiyo na neno "ameaga". Kisha akanitazama.

MZEE: Soma la pili.